Silverton, Colorado: Kuutembelea Mji wa Migodi kwa Kufuata Njia ya Mbale

Wageni wengi wa Silverton hufika kwa treni karibu na saa sita mchana, hutembea katika barabara kuu, hula chakula, hununua kitu cha ukumbusho, na baada ya takriban saa mbili hupanda tena mabehewa kurudi mji wa Durango. Muda huo unatosha kuyaona majengo ya zamani na rangi zake, lakini hautoshi hata kidogo kuelewa kwa nini watu walijenga mji kwenye kimo cha mita 2,840 kutoka usawa wa bahari, katika bonde lililobanwa na milima pande zote, ambako theluji inaweza kufunga njia kwa siku kadhaa. Jibu haliko katika barabara kuu. Liko juu zaidi, kwenye miteremko ambako mawe yenye fedha, dhahabu, risasi, shaba na zinki yalichimbwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na liko katika mito inayoteremka kutoka huko. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unapendekeza ulale Silverton angalau usiku mbili, ikiwezekana tatu, na upange matembezi yako kwa kufuata njia ambayo mbale yenyewe, yaani mawe yenye madini, ilipitishwa: kutoka mgodini mlimani, kwa ndoo zilizoning'inia kwenye waya hadi kinuni iliposagwa, kutoka kinuni hadi kituo cha reli, na kwa reli hadi kwenye tanuru za kuyeyushia madini kule Durango.

Mambo ya kujua kabla ya kuondoka

Milima ya San Juan, iliyoko kusini-magharibi mwa jimbo la Colorado, ilikuwa nchi ya Waute, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani. Mwaka 1860 kundi la watafuta dhahabu lililoongozwa na Charles Baker liliingia katika bonde hili na kuondoka bila mafanikio ya kudumu. Mkataba wa 1868 uliitambua milima hiyo kuwa ya Waute, lakini wachimbaji waliendelea kuingia bila ruhusa, na kwa makubaliano ya Brunot ya 1873 Waute wakaiachia serikali ya Marekani. Silverton ilianzishwa 1874, mwaka mmoja tu baadaye. Ni vyema kuzishika tarehe hizi kichwani, kwa kuwa maelezo mengi utakayoyasoma mjini huanza na wachimbaji kana kwamba bonde lilikuwa tupu. Ukipita Durango, tenga saa chache uende Ignacio, makao makuu ya Waute wa Kusini, ambako wao wenyewe wanaendesha jumba la makumbusho linaloeleza historia yao.

Jambo la pili la kujua ni nguvu ya reli. Kabla ya treni kufika Julai 1882, mbale ilibebwa na punda na nyumbu, na ni mawe yenye madini mengi mno tu yaliyoweza kulipia gharama hiyo. Reli iliposhusha gharama, hata mbale ya kiwango cha chini ilianza kuleta faida, na migodi ikaenea hadi karibu na vilele. Bei ya fedha ilipoporomoka 1893, miji mingi ya fedha katika Colorado ilikufa au ikadhoofika sana, lakini wilaya ya San Juan ilikuwa na dhahabu, risasi, shaba na zinki katika miamba ileile, ikaendelea kuchimba. Mgodi mkubwa wa mwisho, Sunnyside, ulifungwa 1991. Mwaka huo si wa kale. Katika mji wenye wakazi wapatao 600, mtu anayekuhudumia mezani anaweza kuwa mtoto wa mchimbaji, na mzee aliyeketi nje ya nyumba yake anaweza kuwa aliwahi kutoboa mwamba kwa mashine. Zungumza kuhusu migodi kwa heshima unayowapa watu walio hai.

Majira ya kwenda

Kwa msafiri anayetaka kufuata njia yote ya mbale, majira ni mafupi: kuanzia mwishoni mwa Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba. Kabla ya hapo barabara za juu huwa bado zimefunikwa na theluji, na baada ya hapo maeneo mengi ya kutembelea hufungwa. Julai na Agosti kuna maua mengi ya porini, lakini pia kuna ngurumo na radi karibu kila alasiri. Wiki za mwisho za Septemba ndizo ninazozipendekeza kwa moyo wote: mvua hupungua, umati hupungua, na miti ya aspeni hugeuka manjano kwenye miteremko mizima. Uwe na nguo nzito hata hivyo, kwa maana usiku baridi hufika kiwango cha kugandisha maji. Julai, wakati wa mbio za Hardrock za maili 100, vyumba vya kulala hujaa mapema sana. Usiende bila kuweka nafasi.

Majira ya baridi ni safari ya aina nyingine. Treni haifiki Silverton katika miezi hiyo, mgodi na kinu vya kutembelewa huwa vimefungwa, na wanaokuja huja hasa kwa ajili ya kuteleza kwenye theluji. Ukichagua majira hayo, soma kila siku taarifa za kituo cha Colorado kinachotoa tahadhari za maporomoko ya theluji, na uwe tayari kukwama, kwa sababu barabara hufungwa pande zote mbili. Mwaka 1884 theluji iliikata Silverton na treni kwa zaidi ya miezi miwili. Leo mitambo ya kuondoa theluji ni bora zaidi, lakini milima ni ileile.

Kufika

Uwanja wa ndege wa karibu wenye safari za kawaida uko Durango. Kutoka mji wa Durango hadi Silverton ni takriban kilomita 80 kwa barabara kuu namba 550, inayovuka milima mara mbili, kwanza Coal Bank Pass na kisha Molas Pass, zote zikiwa juu ya mita 3,200. Kutoka upande wa kaskazini, yaani Ouray, umbali ni chini ya kilomita 40, lakini ndiyo sehemu inayohitaji utulivu mkubwa zaidi wa dereva. Barabara hupanda hadi Red Mountain Pass, mita 3,358, na katika korongo la mto Uncompahgre hupita ukingoni mwa jabali pasipo vizuizi vya pembeni. Vizuizi havikuwekwa kwa sababu magari ya kuondoa theluji yanahitaji mahali pa kuisukumia. Asiyezoea barabara za namna hiyo aingie kwa upande wa Durango, aendeshe mchana, na asione haya kusimama kwenye maegesho ya pembeni ili wenye haraka wapite. Karibu na Red Mountain Pass kuna mnara wa kumbukumbu wa madereva wa magari ya theluji waliouawa na maporomoko wakiwa kazini. Simama hapo ikiwa hali ya hewa ni nzuri, kwani inafaa kujua ni nani wameilipia barabara hii.

Treni ya reli nyembamba inayotoka Durango husafiri takriban kilomita 72 kwa zaidi kidogo ya saa tatu na nusu, ikifuata korongo la mto Animas. Watu wengi huipanda kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Ushauri wangu ni tofauti, na unatokana na mantiki ya safari yenyewe: panda kwenda Silverton kwa basi au gari, kisha shuka kwa treni. Mbale haikupanda kwa treni, ilishuka. Kilichopanda kilikuwa makaa ya mawe, unga, baruti, mbao na watu. Shirika la reli huuza pia tiketi za safari ya upande mmoja, pamoja na mpango wa kuunganisha basi na treni, kwa hiyo si lazima uende na kurudi kwa njia moja.

Siku ya kwanza: mwili kwanza

Usipande milimani siku unayofika. Kwenye kimo cha mita 2,840 hewa huwa na oksijeni pungufu kwa zaidi ya robo kuliko pwani, na mtu aliyetoka nyanda za chini anaweza kuumwa kichwa, kukosa usingizi, kuchefukwa na kuchoka bila sababu. Kunywa maji, kula chakula chepesi, acha pombe usiku wa kwanza, na tembea polepole. Maumivu ya kichwa yakizidi, au mtu akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi akiwa amepumzika, tiba ya kweli ni kushuka mara moja. Hospitali iliyo karibu iko Durango, na hilo pekee ni sababu ya kutopuuza dalili za mwanzo. Mwenye maradhi ya moyo au mapafu, au mjamzito, azungumze na daktari kabla ya safari.

Kwa bahati nzuri mji wenyewe ndio mahali panapofaa kwa siku hii ya polepole. Mwaka 1961 Silverton ilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa, na majengo mengi ya miaka ya 1880 hadi 1910 bado yamesimama mahali pake. Barabara kuu, Greene, ina hoteli ya Grand Imperial iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1880, na mahakama ya kaunti ya 1907 yenye kuba la rangi ya dhahabu. Mtaa mmoja pembeni, Blair, ulikuwa wa baa, kamari na madanguro, na ndiko treni inakoshusha abiria sasa. Siuchukulii mtaa huo kama burudani, ingawa mara nyingi huelezwa hivyo. Wanawake waliofanya kazi humo wengi walikufa maskini na bila jina kwenye kaburi.

Jengo ambalo wageni hulipita bila kulitazama, na ambalo nakuomba ulitazame, ni hospitali ya zamani ya chama cha wachimbaji iliyokamilishwa 1909. Wachimbaji walijijengea hospitali yao kwa sababu kazi yao iliwavunja. Vumbi la mwamba liitwalo silika, lililotoka kwenye mashine za kutobolea, liliingia kwenye mapafu na kuyafanya magumu hadi mtu akashindwa kupumua, na mashine za awali, ambazo hazikutumia maji kutuliza vumbi, ziliwaua vijana wengi kabla hawajazeeka. Ukishalielewa jambo hilo, nenda kwenye jumba la makumbusho la chama cha historia cha kaunti, lililo katika gereza la 1902 na kituo kikubwa kilichounganishwa nalo. Humo mna mashine, taa, magari madogo ya mgodini na nyaraka. Anza na taa: mpangilio kutoka mshumaa hadi taa ya kabidi na hatimaye taa ya betri unaeleza karibu historia yote ya kazi ya chini ya ardhi.

Alasiri, jua likiwa bado juu, panda polepole hadi makaburi ya Hillside kaskazini mwa mji. Soma mahali pa kuzaliwa palipoandikwa kwenye mawe: Cornwall, Ireland, Italia, Tyrol, Sweden. Soma pia umri. Kuna waliouawa na maporomoko ya theluji, kuna waliokufa kwa mapafu, na kuna kaburi la pamoja la waliokufa kwa homa ya mafua ya 1918, iliyoondoa takriban mtu mmoja kati ya kila kumi mjini katika wiki chache za msimu wa majani kupukutika. Usipande juu ya mawe wala kusugua maandishi yake.

Siku ya pili: mlimani, kisha ndani ya mlima

Anza mapema, kwa sababu ya radi. Kanuni ya milima hii ni kuwa umeshashuka chini ya mstari wa miti kabla ya saa sita mchana au muda mfupi baadaye, na huku juu ya mita 3,500 hivi hakuna mti wa kukupa hata udanganyifu wa kinga.

Barabara ya kaunti inayoelekea kaskazini-mashariki kando ya mto Animas hukupeleka kwanza Eureka, ambako ilisimama kinu kikubwa cha mgodi wa Sunnyside. Kilichobaki ni misingi ya zege iliyopanda mlimani kwa ngazi. Ngazi hizo si pambo: kinu kilijengwa kwenye mteremko ili mbale iingie juu na kushuka hatua kwa hatua kwa uzito wake yenyewe, ikisagwa laini zaidi katika kila hatua. Kumbuka umbo hilo; utaliona likiwa zima siku ya tatu. Hadi Eureka gari la kawaida hupita likiendeshwa kwa uangalifu wakati wa kiangazi. Mbele yake barabara huwa na mawe, na ni bora kuwa na gari lililoinuka, lenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne.

Takriban kilomita 19 kutoka Silverton, kwenye kimo cha mita 3,400 hivi, utafika Animas Forks. Watu waliishi hapa tangu miaka ya 1870, na nyumba kadhaa zimesimama bado, ikiwemo nyumba maarufu ya ghorofa yenye dirisha lililochomoza mbele, iliyojengwa 1879. Zimeimarishwa ili zisianguke, na unaruhusiwa kuingia katika baadhi yake. Ingia, simama dirishani, uangalie unene wa kuta za mbao, na ufikirie kwamba familia zilipitisha majira ya baridi humo. Usichukue chochote, hata msumari wenye kutu. Vitu vya kihistoria vilivyo kwenye ardhi ya umma vinalindwa kwa sheria, na kila kinachochukuliwa hupunguza kile ambacho mwingine angekielewa.

Kutoka hapo njia huendelea kwenye mzunguko wa Alpine Loop, wenye urefu wa takriban kilomita 105, unaovuka Engineer Pass na Cinnamon Pass, zote zikiwa juu ya mita 3,800. Ni njia ya kupendeza na ni ngumu. Kwa mtu anayekuja kwa mara ya kwanza, naona kugeuka Animas Forks kunatosha. Ukikodi gari dogo la milimani, fahamu kwamba mwaka 2021 wakazi wa Silverton walipiga kura kuunga mkono kupigwa marufuku kwa magari hayo katika mitaa ya mji. Uliza mahali pa kuegesha kabla ya kuanza, na upunguze mwendo unapopita karibu na watu, kwani vumbi na kelele ndivyo vilivyoleta ugomvi.

Kila mahali utaona mashimo meusi mlimani, na chini ya kila shimo rundo la mawe ya rangi ya manjano au kijivu. Hapa nasema bila kulegeza: usiingie katika shimo lolote lisilo na mwongozaji. Mbao za kushikilia dari zimeoza. Sakafu inaweza kuwa ubao tu uliofunika shimo la kwenda chini makumi ya mita. Hewa inaweza kuwa haina oksijeni ya kutosha, na mtu haioni wala hainusi tofauti hiyo kabla ya kuanguka. Baruti za zamani zilizosahauliwa huweza kulipuka kwa kuguswa. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya milima hii imegawanywa katika vitalu vilivyomilikishwa kwa watu binafsi chini ya sheria ya madini ya 1872, kwa hiyo mteremko unaoonekana kuwa wa umma unaweza kuwa mali ya mtu. Fuata njia iliyowekwa alama.

Njia halali ya kuingia ndani ya mlima ni mgodi wa Old Hundred, kilomita chache kutoka mjini, katika bonde la Cunningham. Treni ndogo ya mgodini hukuingiza mamia ya mita ndani ya mlima Galena, na waongozaji huwasha mashine za kutobolea ili usikie zilivyounguruma. Vaa koti hata kama nje kuna joto, kwani ndani halijoto hubaki karibu nyuzi 9 za Selsiasi mwaka mzima. Uliza maswali: mashimo ya baruti yalitobolewa kwa mpangilio gani, nani aliwasha utambi, walisubiri muda gani moshi utoke. Ukitoka, inua macho juu sana kwenye jabali la mlima huohuo. Utaona bweni la wachimbaji lililojengwa mahali ambapo hata mbuzi angesita. Waliishi huko juu kwa sababu kupanda na kushuka kila siku kulikuwa hatari kuliko kulala.

Siku ya tatu: kinu na maji

Kinu cha Mayflower, takriban kilomita 3 kutoka mjini, ndicho mahali ambapo ningempeleka mtu mwenye nafasi ya kuona kitu kimoja tu. Kilijengwa 1929, kikafanya kazi, kwa vipindi na kwa wamiliki tofauti, hadi 1991, na kwa kuwa kilifungwa mashine zikiwa mahali pake, unaweza kuifuata mbale hatua kwa hatua. Anzia juu, mahali ndoo za waya zilipofikia zikitoka mgodini upande wa pili wa bonde. Nguzo za waya bado zinaonekana. Mawe yalipondwa kwa mashine yenye mataya ya chuma, kisha yakasagwa ndani ya mapipa makubwa yanayozunguka yenye vyuma vizito, hadi yakawa unga. Unga huo ulichanganywa na maji na kemikali, na hewa ikapulizwa ndani yake. Chembe za madini zilishikamana na mapovu na kuelea, zikaenguliwa kama povu. Mawe yasiyo na thamani yakazama. Povu lililokaushwa ndilo lililopelekwa kwa treni.

Swali la kuuliza hapo ni hili: yaliyozama yalikwenda wapi? Marudio, kama wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Mashariki wanavyoyaita mabaki hayo, katika vinu vya zamani zaidi yalimwagwa moja kwa moja mtoni. Mayflower yalirundikwa, na matuta yake makubwa yaliyosawazishwa utayaona kando ya barabara, karibu na kinu. Kwa hiyo usiondoke Silverton bila kuyatazama maji.

Nenda mahali kijito cha Cement kinapopita ukingoni mwa mji na ulinganishe rangi ya mawe yake na ya mto Animas. Mawe ya Cement yamefunikwa na tope la rangi ya chungwa. Chanzo ni kemia isiyo ngumu: mwamba una madini ya chuma na salfa, na mgodi unapoufungua kwa hewa na maji, hutokea asidi ya salfuriki, ambayo huyeyusha zinki, kadimi, shaba na metali nyingine na kuzibeba chini. Chuma kinapokutana na maji yasiyo na asidi nyingi hujitenga na kutua juu ya mawe. Sehemu ya asidi hiyo ni ya asili, ilikuwepo kabla ya mchimbaji wa kwanza, lakini mahandaki yameiongeza sana. Usinywe maji hayo hata ukiyachemsha, kwa maana kuchemsha hakuondoi metali, na usimruhusu mtoto au mbwa kuchezea tope hilo.

Tarehe 5 Agosti 2015, kikosi kilichofanya kazi chini ya wakala wa mazingira wa serikali kuu kilikuwa kikichunguza mlango wa mgodi wa Gold King, juu ya kijito hicho, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma yake yakafumuka. Takriban lita milioni 11 ziliteremka, zikaugeuza mto Animas kuwa wa manjano kupitia Durango, hadi mto San Juan katika New Mexico na Utah, na kuwasababishia hasara wakulima wa Navajo, taifa la wenyeji wa asili. Kwa miaka mingi wakazi wengi wa Silverton walikuwa wamepinga eneo lao kuingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo machafu yanayosafishwa na serikali kuu, wakihofia utalii. Baada ya tukio hilo walikubali, na Septemba 2016 wilaya yenye maeneo 48 yanayohusiana na migodi iliorodheshwa. Kule Gladstone, juu kwenye kijito cha Cement, mtambo wa kusafisha maji umekuwa ukifanya kazi tangu mwaka wa kumwagika. Mgeni anaweza kulizungumza jambo hili na wenyeji, ilimradi asije na hukumu iliyokwisha kuandikwa: watu hawa walirithi maji haya pamoja na nyumba zao.

Gladstone hiyohiyo ilishuhudia tukio jingine. Tarehe 4 Juni 1978, siku ya Jumapili jioni, sakafu ya ziwa Emma ilitoboka juu ya mgodi wa Sunnyside, na ziwa lote likapita ndani ya mgodi na kutokea Gladstone likiwa na matope na mbao. Siku yoyote ya kazi wangekufa watu wengi. Jumapili hakukuwa na mtu chini. Wakazi wengi waliamini kuwa ni ulinzi wa sanamu ya Kristo wa Migodi, iliyosimamishwa 1959 kwenye mteremko wa mlima Anvil kwa kazi ya kujitolea ya watu wa mji. Njia fupi hupanda hadi hapo, na ukisimama mbele ya sanamu utauona mji wote na mabonde yanayokutana. Ni mahali pa ibada kwa wengi. Vaa na uzungumze ipasavyo.

Kushuka

Treni huondoka Silverton mapema alasiri, kwa hiyo kinu na kijito vinatosha asubuhi ikiwa umeamka mapema. Sanamu unaweza kuipandia siku ya kwanza baada ya makaburi kama mwili unakuruhusu. Weka nafasi wiki kadhaa kabla, na uombe kiti cha upande unaotazama mto kwenye sehemu iitwayo High Line, ambako reli imechongwa kwenye jabali juu kabisa ya Animas. Baadhi ya injini zinazotumika zilijengwa miaka ya 1920, na baada ya moto mkubwa wa msituni wa 2018 kadhaa zimebadilishwa kutumia mafuta badala ya makaa ya mawe. Behewa la wazi lina upepo na masizi. Beba miwani na nguo ya kujifunika.

Durango usikimbilie hotelini. Ng'ambo ya mto, chini ya mlima Smelter, ndipo tanuru zilipokuwa, zikipokea mbale ya San Juan tangu miaka ya 1880 hadi 1930, na baadaye mahali hapohapo pakachenjuliwa vanadi na urani. Mabaki yenye mionzi yalihamishwa na eneo likasafishwa kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo ni bustani ya kutembezea mbwa, na kuna njia ya miguu ukingoni mwa mto. Kutoka kituo cha treni unafika kwa matembezi mafupi, na kama bado kuna mwanga wa jua, pita njia hiyo.